Mwenye Punda

Siku ya kwanza Blandina alibishana na Moringe karibu saa nzima juu ya bei ya kukodi punda, na ubishi ulipokwisha ndipo alipogundua kwamba mwanamume yule hakuwa na punda hata mmoja.

Ilikuwa Juni 2001, Nainokanoka, nyuma ya Kreta, ukungu umelala chini kiasi kwamba ng'ombe walionekana migongo tu. Blandina alikuwa amepanda na Landrova inayopeleka kabichi na karoti kwenye kambi za wageni. Biashara hiyo ya mboga aliianza mwenyewe, kikapu kwa kikapu, miaka saba nyuma, alipotoka Old Moshi akafika Karatu na belo moja la mitumba na anwani ya binamu aliyekuwa ameshahama. Hakuna aliyempokea, na tangu siku hiyo hakutegemea kupokewa na mtu.

Sasa alikuwa na jambo jipya kichwani. Wageni walianza kutaka kwenda kwa miguu kutoka Nainokanoka, wapite Olmoti na Bulati mpaka kreta ya Empakai, siku nne, walale kwenye mahema. Gari hawalitaki. Chakula angepika yeye, mahema angekodi Arusha. Kilichokosekana ni migongo ya kubebea.

Moringe alikuwa mtu mrefu wa makamo, mpole wa sauti, Kiswahili chake cha darasa la nne. Alisimama mlangoni mwa boma, fimbo begani, shuka mbili mwilini kwa ajili ya baridi. Wenzake wa rika wanne walichuchumaa kando kusikiliza.

"Hiyo uliyotaja ni bei ya kununua punda," Blandina alisema, "siyo ya kumkodi."

"Nunua basi."

"Nikimnunua nitamlaza wapi? Kitandani kwangu?"

"Wewe ni Mchaga. Mlaze benki."

Wale wanne walicheka mpaka mmoja akaangusha ugoro. Blandina naye alicheka, kwa sababu mtu anayecheka huwa amekaribia kukubali, na alitaka waendelee kucheka. Akapanda kidogo, Moringe akashuka kidogo, akapanda tena, wakakutana. Blandina akanyoosha mkono wapeane. Moringe hakuushika.

"Ngoja," alisema, akazunguka nyuma ya nyumba.

Ikasikika sauti ya mwanamke, kwa Kimaasai, maneno machache. Moringe akarudi.

"Amekataa."

"Nani amekataa?"

"Mwenye punda."

Blandina alimtazama. Saa nzima! Baadaye alikuja kujua jambo ambalo kila mtoto wa Nainokanoka analijua: ng'ombe ni mali ya mwanamume, lakini punda yuko mikononi mwa mwanamke. Yeye ndiye anayemtuma maji, ndiye anayempakia ngozi na vibuyu boma linapohama. Moringe angeweza kuuza dume la ng'ombe bila kumuuliza mtu. Punda asingeweza.

Naserian, mke wa Moringe, akatoka mwenyewe, mwanamke mfupi, mikono imejaa samadi kwa sababu alikuwa akikandika ukuta. Hakutaja bei. Aliuliza: mzigo una uzito gani? Nani atawapakia? Punda akirudi na kidonda mgongoni, nani atasema ukweli? Moringe alitafsiri huku akitazama chini. Walipomaliza, masharti yalikuwa matatu na yote yalikuwa ya Naserian: kila mzigo ataufunga kwa mkono wake mwenyewe pale bomani, punda mwenye kidonda atapumzika mpaka kikauke na Blandina ataendelea kumlipia, na Moringe atakwenda nao, hatakwenda mtu mwingine.

Blandina alikubali. Alijua ameshindwa, na alijua ameshindwa na mtu anayeijua kazi yake. Kwa hilo hakuona uchungu. Alishawahi kushindwa na wajinga, na hiyo ndiyo inayouma.

Siku ya safari ya kwanza wale wenzake Moringe walimsubiri njiani.

"Ero! Leo unakwenda kuchota maji?"

"Nakwenda," Moringe alijibu bila kusimama. "Ukishikwa na kiu utaniomba."

*

Intaneti ilifika Karatu mwaka 2002, kwa Seif, Mrangi kutoka Kondoa, aliyeweka kompyuta nne na jenereta kwenye chumba cha duka karibu na stendi. Blandina alijifunza barua pepe kwa wiki moja, kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, kwa sababu wateja walikuwa huko. Ukurasa mmoja ulichukua muda wa kuchambua kilo mbili za maharage. Mwanzoni alikuja na maharage kweli, akachambua pale pale mbele ya kompyuta.

"Dada Blandina," Seif alimwambia, "hii ni ofisi."

"Ofisi inayosubiri namna hii ni jiko."

Maharage yakakatazwa, ikabidi akae mikono mitupu. Hakuwahi kukaa hivyo maisha yake, isipokuwa pale na kwenye Landrova. Sehemu hizo mbili ndizo zilizomtia mawazo. Kwenye gari, kutoka geti la Loduare kupanda msituni, alikuwa akikadiria vitu: viatu vya abiria, mbao za lori lililo mbele, umri wa dereva. Kwa Seif hakukuwa na cha kukadiria. Alifungua kurasa ambamo wageni huandika safari zao, akatazama picha ikishuka polepole kutoka juu, kwanza anga, kisha mlima, kisha vichwa vya watu, akajiuliza watu hao wanafanya kazi saa ngapi kama wana nafasi ya kuandika yote haya. Kuna aliyeandika alivyokunywa chai uwanja wa ndege. Kuna aliyeandika alivyokosa usingizi. Hakuna aliyekuwa akiuza chochote. Watu walijisimulia tu, wakayaacha maneno pale, na mtu wa Karatu akayakuta. Blandina aliona ni upotevu mkubwa, na bado alisoma mpaka mwisho.

Februari 2003 binti mmoja wa Uholanzi alitembea na Moringe siku nne. Aliporudi kwao akafungua ukurasa wake kwenye intaneti, akaandika fikra za kila siku ya safari, na katikati akaweka picha ya Moringe ukingoni mwa Empakai, shuka ya bluu, mkono mmoja juu ya mgongo wa punda mmoja mwenye duara jeupe jichoni, anacheka. Juu ya picha, kwa herufi kubwa, jina lake.

Tangu hapo barua zilibadilika. Zamani watu waliuliza bei na mvua. Sasa waliandika, "Tunataka kutembea na Moringe."

Moringe alikuwa akishuka Karatu siku za mnada, tarehe saba na ishirini na tano, kuuza mbuzi na kununua mahindi. Blandina akamwita kwa Seif asomewe.

"Karibu, mzee wa dunia nzima," Seif alisema, akampa kiti chake mwenyewe.

Blandina alisoma, akitafsiri njiani. "'Moringe hasemi sana. Anatembea mbele, na punda wanamfuata kama wanafunzi.'"

"Mbele?" Moringe aliuliza. "Mimi natembea nyuma. Ukitangulia mbele ya punda utafika peke yako."

"Ndivyo alivyoandika."

"Alikuwa amechoka. Endelea."

"'Siku ya tatu Moringe alituonyesha chui.'"

"Nilimwonyesha nyayo za chui."

"Ameandika chui."

"Ameongeza bei," Moringe alisema, na Seif akacheka mpaka akashika meza.

Alitaka asomewe tena, kuanzia juu. Kisha akauliza, "Na mwenye punda ameandikwa wapi?"

Blandina alipekua. "Hayumo."

Moringe aliitazama picha yake. "Ataniuliza," alisema. "Huyo huwa anauliza."

Tangu siku hiyo kila mnada alipitia kwa Seif. Hakuwa mtu wa majivuno. Alikaa wima, kofia ya sufu magotini, akasikiliza maneno yale yale kama mtu anayesikiliza habari za ndugu aliye mbali. Mara moja tu alisema kitu Blandina alichokikumbuka: kwamba ni ajabu kutajwa na watu usiowasikia. "Mtu akiniita nyumbani, naitika. Hawa wananiita, siitiki. Wanadhani nimewadharau."

"Hawakuiti, wanasoma tu."

"Wanasoma nini? Si jina?"

*

Mei 2004 kifua kilimbana mume wa Naserian. Walimteremsha kwa gari la mbuzi mpaka hospitali, akakaa siku sita, na siku ya saba akafariki.

Blandina alipanda na sukari, unga na majani ya chai. Njia nzima alikuwa akiwaza, na hakuwaza kuhusu kifo. Aliwaza Julai. Makundi saba yalikuwa yameshaandika, matano kati yake yakimtaka marehemu kwa jina. Alijiona anawaza hivyo, akajikemea, kisha akaendelea kuwaza. Alipofika Nainokanoka alikuwa ameshapanga: punda wabaki, aongoze mdogo wa marehemu, wateja waelezwe taratibu.

Wanawake walikuwa wamekaa nje ya nyumba. Blandina aliweka mizigo, akashika mikono yao, na kama wanavyofanya kwao Old Moshi, ambako marehemu husifiwa kwa kutajwa, akamtaja kwa jina: fulani alikuwa mtu mwema, fulani alikuwa mwaminifu.

Mazungumzo yalikatika. Mwanamke mmoja alimnyanyua mtoto akaondoka naye. Naserian, kichwa kimenyolewa upya, alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mama Kabichi, usimwite."

"Sikumwita, mama, nilimsifu tu."

"Umemwita. Alipokuwapo ulimwita akaja. Sasa ukimwita, aje nani?"

Ndipo walipomweleza. Katika ukoo ule jina la aliyekufa halisemwi tena. Hata mtoto wa jirani aliyepewa jina hilo hilo alikuwa ameshabadilishiwa, na aliitikia jipya kwa shida. Blandina aliomba msamaha, ukapokelewa. Naserian alikubali pia punda waendelee, kwa masharti yale yale. Blandina akashuka Karatu akiwa ameridhika. Ile kompyuta hakuikumbuka kabisa.

Julai kundi la kwanza lilifika, watu watano. Blandina aliwaambia mapema, kwenye gari, kwamba yule mtu amefariki na kwamba jina lake lisitajwe. Wanne walielewa. Wa tano, bwana mnene mwenye macho ya huruma, aliitikia kwa kichwa, lakini kila mtu huelewa huzuni kwa namna ya kwao. Alikuwa amekuja na ule ukurasa wa binti wa Uholanzi umechapwa, umetiwa ndani ya plastiki. Punda wakiwa wanapakiwa alimwendea Naserian, akamwonyesha karatasi, akaweka mkono kifuani, akalitaja jina. Akaona mama hasemi kitu, akadhani hakusikia. Akalitaja tena, polepole. Mara ya tatu alikuwa na machozi.

Naserian aliichukua ile karatasi mkononi mwake, bila kumpokonya, akaenda akailaza kwenye makaa. Plastiki ilijikunja kwanza. Kisha akarudi akaanza kufungua kamba. Gunia la viazi likashuka, likapasuka, viazi vikabiringika mpaka kwenye miguu ya wageni. Hema likashuka. Sufuria zikashuka. Punda wanane wakabaki migongo mitupu, wakajitingisha, wakaenda zao kula majani.

"Wamelitoa wapi?" alimuuliza Blandina.

"Kwenye kompyuta, mama."

"Ile aliyokuwa anakwenda kusomewa?"

"Hiyo hiyo."

"Watu wangapi wanaliona?"

Blandina angeweza kusema wachache. Alisema, "Yeyote duniani anayetaka."

"Basi huko bado wanamwita, mchana na usiku." Alikunja kamba kwenye kiwiko, mzunguko kwa mzunguko. "Liondoe. Likitoka, punda wapo. Lisipotoka, beba mwenyewe."

"Mama, nisikilize. Naongeza bei, nusu tena juu ya..."

Naserian alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyetoa posa siku ya msiba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Blandina kutaja bei na bei yenyewe ikakosa pa kutua.

*

Alikodi vijana kumi na wawili wabebe. Safari ilikwenda, faida haikuonekana. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Seif.

"Tunaweza kulifuta?"

"Ukurasa si wetu, dada. Ni wa yule binti. Mwandikie, atalitoa kwa dakika mbili."

Blandina aliketi, akafungua barua mpya. Aliandika salamu. Kabla hajaendelea akaona barua mbili ngeni zimeingia, zote zikitaka kutembea, zote zikitaja jina lile. Alikaa akizitazama. Watu hawa hawakumjua yeye Blandina, hawakuijua Empakai. Walilijua jina, na jina ndilo lililowatoa kwao. Likitoka, watampata kwa njia gani? Akaifuta salamu. Alijiambia: msimu uishe kwanza. Oktoba nitaandika.

Mara mbili, kwa kinywa cha dereva wa Landrova, Naserian alituma kuuliza. Mara mbili Blandina alijibu kwamba ameandika, anasubiri, Ulaya ni mbali.

Tarehe ishirini na tano Septemba, siku ya mnada, mchana kweupe, Blandina alikuwa kwa Seif akijibu barua alipoona kivuli mlangoni. Naserian alikuwa ameshuka na gari la mahindi. Hakuwahi kuingia mle. Aliangalia kompyuta nne, waya, kalenda yenye picha ya Makka, kisha Blandina.

"Nimekuja kuona kama limetoka."

Seif hakujua habari ya uongo. Alivuta kiti, kile kile, akaufungua ukurasa kwa heshima zote. Anga likashuka. Mlima. Kisha kichwa, mabega, shuka ya bluu, mkono, mgongo wa punda. Juu yake, herufi kubwa.

Naserian hakuonyesha kitu usoni, ila aliinama mbele, karibu kabisa, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Na haya maandishi ya juu yanasema nini?"

Hakujua kusoma. Blandina alihesabu jambo hilo haraka kama anavyohesabu mambo yote: ingetosha kusema, "Yanasema Empakai." Punda wangekuwa Nainokanoka wakimsubiri kesho, jina lingebaki pale likiita wateja, na mwanamke huyu angerudi nyumbani ametulia. Hakuna ambaye angeumia. Alifungua mdomo.

"Si wewe," Naserian alisema. Akamgeukia Seif. "Baba, nisomee wewe. Huyu ana biashara."

Seif alimtazama Blandina, akaitazama kompyuta. Hakulisoma. Alisema tu, taratibu, "Limo, mama. Bado limo."

Blandina aliwahi kukamatwa na mizani mbovu, akiwa kijana, sokoni Moshi; aibu yake ilikuwa ndogo kuliko hii, kwa sababu pale watu walipiga kelele. Hapa hakuna aliyesema neno. Naserian alikuwa ameshaigeukia picha tena.

"Andika sasa," alisema. "Nikiona."

"Niseme waondoe na picha?"

"Picha iache. Sura haiiti mtu."

"Naweza kuwaambia waweke jina lako, mama. Punda ni wako. Alitaka uandikwe, yeye mwenyewe aliniuliza." Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa pia biashara, Blandina mwenyewe hakujua kipi kilitangulia.

"Ili nikifa waniite na mimi?"

Blandina aliandika. Maneno ya Kiingereza yalikuwa machache na aliyasoma kwa Kiswahili yakitoka, Seif akishuhudia kwa kichwa: mtu huyu amefariki, kwa desturi ya kwao jina halitajwi, tafadhali liondoe. Akabonyeza. Wakati ile barua inakwenda, Naserian alibaki ameinama mbele ya kioo. Alinyoosha kidole, hakukigusa, akafuata hewani mstari wa mkono mpaka kwenye mgongo wa punda.

"Nimchapie picha kwa rangi?" Seif aliuliza. "Nina wino mpya."

"Kwa rangi ni kiasi gani?" Blandina aliuliza.

Seif alitaja.

"Aah, Seif, kwa karatasi moja? Ya nini? Si ipo hapa? Haiendi popote. Akitaka kumwona atakuja mnadani atamwona."

Alisema hivyo kwa mazoea, kama anavyokataa nyanya za bei. Naserian alisikia, lakini hakujua kinachokataliwa ni nini, au alijua na hakutaka kuomba. Akainuka, akajifunga shuka, akaenda kwenye mahindi yake.

*

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Binti wa Uholanzi alikuwa amelia. Aliomba radhi kwa kila mtu, kwa familia, kwa kijiji kizima. Hakujua, angejuaje, na ili asimuudhi mtu yeyote tena alikuwa ameondoa kila kitu: jina, fikra zake za siku nne, picha.

Blandina alilisoma jibu mara mbili, kisha akafungua ukurasa wenyewe. Mweupe. Mstari mmoja wa Kiingereza kwamba ulichokitafuta hakipo.

Akaandika siku ile ile kuomba picha peke yake. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi: picha zilikuwa kwenye kompyuta ya zamani, kompyuta iliibiwa pamoja na begi ndani ya treni. Nyingine hakuwa nayo. Akamwandikia yule bwana mnene, hakujibu; na nakala yake, hata hivyo, ilikuwa majivu tangu Julai.

Novemba, siku ya mnada, Naserian aliingia kwa Seif bila kuita hodi, akaketi kwenye kiti chake. Blandina alikuwa ameagizwa aje.

"Nifungulieni nimwone."

Seif alifungua. Naserian alingoja anga lishuke. Alingoja kwa subira kubwa, kwa sababu alikumbuka kwamba mara ya kwanza nayo ilichukua muda.

"Haji?" aliuliza.

"Ametoa vyote, mama," Blandina alisema. "Niliandika jina. Seif shahidi. Yeye akatoa vyote. Alidhani ndiyo heshima."

"Na ile karatasi?"

"Ipi?"

"Aliyotaka kunipa huyu baba."

Seif alianza kupanga kalamu mezani zilizokuwa zimeshapangwa. Naserian hakurudia swali. Alikaa mbele ya ule weupe muda kidogo. Kisha akauliza kama hapo ndipo mumewe alipokuwa. Blandina akasema, ndipo.

"Limetoka," Naserian alisema. "Nilisema likitoka, punda wapo. Wapo."

Na walikuwapo. Msimu wa 2005 Blandina alikuwa na punda wanane wa uhakika na makundi matatu tu ya kutembea. Msimu uliofuata mawili. Alirudia kabichi, akaongeza viazi, na hakufa njaa. Mtu wa namna yake hafi njaa. Lile wazo lake la kwenda kwa miguu, ambalo lingemjengea nyumba ya pili, liliisha pale kwa Seif siku ile ukurasa ulipobaki mweupe. Naye Naserian alipata alichokidai, na ni yeye peke yake aliyejua kilikuwa na thamani gani, maana mtoto wa jirani sasa anaitikia jina lake jipya bila kusita, na huko Nainokanoka hakuna anayeita mtu asiyekuja.

Kila mwaka, asubuhi ya safari, bado anapakia kwa mkono wake. Punda mwenye duara jeupe jichoni hapewi mzigo, anafuata tu. Kila mwaka, akiwa amemgeuzia Blandina mgongo, anamuuliza kuhusu ile picha. Shuka gani? Ya bluu. Alikuwa anacheka? Alikuwa anacheka, mama, meno yote nje. Blandina humjibu, bure, kila kitu.

Mwaka wa tatu aliuliza jambo jipya. "Ule mkono juu ya punda. Wa kulia au wa kushoto?"

Blandina alitafuta kichwani. Aliona anga, aliona mlima, aliona bluu. Mkono haukuja.

"Wa kulia," alisema.

Naserian alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kukaza kamba.